Mama Adele Goldberg, aliyewaketisha watoto mbele ya kompyuta



Mama anayeuza sombe sokoni, hata kama masomo yake yalikoma darasa la tatu, anajua kumpigia binti yake aliye mbali. Anagusa kapicha ka simu, anasukuma majina kwa kidole, anaona sura ya mtoto wake, anagusa tena, wanaongea. Hakuandika amri yoyote wala hakujifunza lugha ya mashine. Aliona picha, akaigusa, mashine ikamwelewa.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Kuna watu waliotumia miaka mingi ya maisha yao ili kompyuta, au ordinateri kama wengi wetu tunavyosema, iweze kuonyesha picha, na mtu akigusa picha hiyo ajibiwe papo hapo. Mmoja wa watu hao ni mwanamke, Mama Adele Goldberg wa Marekani. Jina lake halisikiki kama majina ya wanaume waliotajirika kwa kazi hiyohiyo. Juma hili tunasimulia kazi yake kwa sababu mbili. Ya kwanza, kila mwaka katika nyumba zetu kuna msichana anayemaliza darasa la nane na kungoja tumwambie achague opsio gani. Ya pili tutaifikia kwenye mwezi wa 12 wa mwaka 1979, siku alipowaambia wakubwa wake kwamba hakubali.

Msichana wa hesabu

Alizaliwa mwaka 1945 katika mji wa Cleveland, jimbo la Ohio. Alipofika Chuo Kikuu cha Michigan alichagua hesabu, na mwaka 1967 akapata digrii yake. Somo la kompyuta lilikuwa bado changa sana siku hizo, na mlango wa kuliingia ulikuwa hesabu.

Mwaka 1966, wakati wa likizo kubwa, alifanya kazi ya muda katika kampuni ya IBM. Huko alijifunza kuamuru mashine za kadi. Hizo zilikuwa mashine kubwa zilizosoma kadi za karatasi zenye matundu: tundu mahali hapa lina maana hii, tundu mahali pale lina maana nyingine. Unaingiza rundo la kadi, mashine inazipanga na kuzihesabu, halafu inatoa majibu kwenye karatasi. Hakuna mazungumzo. Ukikosea tundu moja, utajua baadaye kabisa, rundo zima likiwa limekwisha pita.

Toka hapo akaenda Chuo Kikuu cha Chicago, akapata udaktari mwaka 1973. Utafiti wake mwenyewe aliufanyia Stanford, California, kwa profesa Patrick Suppes, aliyekuwa akijaribu kufundisha wanafunzi kwa kompyuta. Swali la Mama Adele lilikuwa hili: mwanafunzi anapothibitisha jambo la mantiki hatua kwa hatua, mashine itamsaidiaje bila kumlazimisha kupita njia moja tu? Sote tunamjua yule mwalimu anayefuta jibu sahihi la mtoto kwa sababu mtoto hakupita njia iliyoandikwa ubaoni. Mama Adele alitafuta namna ya kuifanya mashine ifuate njia ya mtoto mwenyewe, itambue kama inafika, na imwonyeshe pa kwenda akikwama.

Tulishike jambo hilo, maana kazi yake yote iliyofuata ilitoka humo. Wenzake wengi waliipenda mashine kwanza. Yeye alianza na anayejifunza.

Kwa watu wa fotokopi

Kampuni ya Xerox tunaijua kwa mashine za fotokopi. Mwaka 1970 ilifungua nyumba ya utafiti huko Palo Alto, California, ikaiita PARC, kwa kuwa wakubwa waliogopa kwamba siku moja ofisi zitaacha karatasi, na wao wanaishi kwa karatasi. Mama Adele aliajiriwa hapo mwaka 1973, katika kikundi cha Alan Kay kilichoshughulika na mambo ya kujifunza.

Kay alikuwa na wazo ambalo wengi waliliona kichekesho. Kompyuta nyingi za wakati ule zilijaza chumba na kulindwa kama benki. Yeye alitaka moja yenye ukubwa wa daftari, ambayo mtoto anaweza kuibeba chini ya kwapa na kuitumia kuchora, kuandika, kupiga muziki na kutunga michezo yake. Aliliandika wazo hilo mwaka 1972. Leo tunaliona mikononi mwa watoto wetu, nyakati nyingine kuliko tunavyopenda.

Tuseme ukweli: moto ulikuwa umewashwa na wengine. Mwaka 1963 kijana Ivan Sutherland, katika chuo cha MIT, alitengeneza programu iliyomwezesha mtu kuchora mistari moja kwa moja kwenye kioo cha kompyuta kwa kalamu ya mwanga. Watu wengi wanahesabu siku za michoro ya kujibizana na kompyuta tangu hapo. Mwaka 1968, mbele ya ukumbi uliojaa huko San Francisco, Douglas Engelbart alionyesha kompyuta inayoongozwa kwa kijisanduku kinachosukumwa juu ya meza. Hicho ndicho kipanya cha leo. Lakini vitu hivyo vilikuwa vya wataalamu. Mtu wa kawaida hakuviona, sembuse mtoto.

Mwaka uleule Mama Adele alipoingia PARC, kompyuta iliyoitwa Alto ilianza kufanya kazi humo. Kioo chake kilisimama wima kama ukurasa wa karatasi. Picha yote iliyoonekana humo ilikuwa ya nukta ndogo, 606 kwenda upande na 808 kwenda chini, karibu nukta 490,000, kila moja ama nyeusi ama nyeupe. Wamama wanaofuma vitambaa vya meza watafahamu haraka kuliko waume zao. Ndege unayemwona kwenye kitambaa hayupo. Kuna vitundu vilivyojazwa na vitundu vilivyoachwa, na jicho linamaliza kazi. Walio na kitambaa cha Wakuba nyumbani wakitazame kwa karibu, kila pambo ni nyuzi nyingi za raffia zilizohesabiwa moja moja. Alto ilifanya vilevile, ila kitambaa chake kilifumuliwa na kufumwa upya mara nyingi kwa kila sekunde.

Gharama yake? Kukumbuka tu nukta zote hizo kulikula karibu nusu ya kumbukumbu ya mashine. Wataalamu wa makampuni mengine wangeita hayo upotevu, maana kumbukumbu ilikuwa ghali sana. Watu wa PARC waliona kwamba kumbukumbu itashuka bei mwaka kwa mwaka, na macho ya binadamu hayatabadilika. Walikadiria vizuri.

Sanduku linaloitwa Joe

Kikundi hicho kilitunga lugha ya kuiamuru kompyuta, wakaiita Smalltalk. Dan Ingalls ndiye aliyeijenga kwa mikono yake hasa, na ndiye aliyepata namna ya kuhamisha kipande cha picha kwa haraka toka sehemu moja ya kioo hadi nyingine. Kwa namna hiyo, kazi mbalimbali ziliweza kuonekana katika madirisha yaliyolaliana juu ya kioo, kama karatasi zilizorundikana mezani, ukachagua ya kuleta juu. Ukibonyeza kipanya, menyu inatokea palepale ulipo.

Lakini ni nani angewafundisha watoto lugha hiyo? Hapo ndipo kazi ya Mama Adele ilipong'aa. Watoto toka shule ya Jordan, palepale Palo Alto, walianza kuja PARC kujifunza. Hakuanza kwa kuwaeleza kompyuta ni nini. Alianza na sanduku. Kwenye kioo palionekana mraba mmoja, nao ulikuwa na jina: Joe. Mtoto anamwandikia Joe ageuke digrii 30, na Joe anageuka mbele ya macho yake. Anamwambia akue, anakua. Halafu mtoto anaumba sanduku la pili na kuliita Jill. Jill naye anajua kugeuka na kukua, kwa sababu ni wa ukoo mmoja na Joe, lakini ukimwambia Jill akue Joe hatikisiki.

Ukiwauliza mafundi wa leo wanaotengeneza programu za simu, watakwambia kwamba hilo ndilo wazo kubwa la kazi yao: kila kitu kwenye kioo ni kama mtu mwenye jina, anajua mambo yake, na anajibu anapoambiwa. Vitabu vya chuo kikuu vinalieleza kwa kurasa nyingi zenye kuchosha. Mama Adele aliwapa watoto wa miaka 12, nao walilielewa wakicheka.

Na watoto hawakuishia kwenye masanduku. Msichana mmoja wa miaka 12 alitunga programu yake mwenyewe ya kupaka rangi na kuchora kwa kipanya. Katika mwaka 1977 Kay na Mama Adele waliandika makala wakionyesha kazi za watoto hao pamoja na zao wenyewe. Na mmoja wa wasichana wale baadaye alisimama yeye mwenyewe kuwafundisha wenzake, akiwa bado mtoto. Miaka ileile, katika makampuni mengi, wasichana waliokaribia kompyuta waliwekwa kwenye kupiga chapa tu.

Kushona bila patroni

Si yote yaliyokwenda vizuri, na hapa ndipo tunapomheshimu zaidi.

Baada ya furaha ya kwanza, Mama Adele alifundisha watu wazima wa PARC ambao hawakuwa mafundi wa programu. Walijifunza mambo ya mwanzo upesi. Kisha akawapa kazi ya kawaida kabisa: wajitengenezee sanduku dogo la kadi za majina na anwani, la kutafutia watu. Wakakwama karibu wote. Waliyajua maneno yote ya lugha, ila hawakujua waanzie wapi.

Kay alikwenda akaitengeneza kazi hiyo mwenyewe, kisha akahesabu mambo ambayo mtu lazima ayajue kabla na ambayo hakuna aliyewaambia wanafunzi. Alikuta 17. Mambo 17 yaliyojificha katika kazi iliyoonekana ndogo!

Wale wanaoshona wanalijua shimo hilo. Msichana anaweza kujua kupiga cherehani vizuri, kila mshono umenyooka, lakini ukimpa pagne ya mita mbili na kumwambia ashone libaya, anaikodolea macho. Kushona anajua. Kukata hajui. Anahitaji patroni. Basi Mama Adele alifanya hivyo hasa: alitunga patroni za programu, vielelezo ambavyo mwanafunzi anaanza navyo, anavibadilisha, anaviongezea, hadi siku anapoweza kukata mwenyewe.

Kazi ya namna hii haipati sifa. Anayejenga mashine anapigwa picha. Anayekaa pembeni ya mwanafunzi, akitazama mahali kidole chake kinaposita, na kuandika kwenye daftari kwamba hapa watu watatu wameshindwa, huyo anaitwa msaidizi. Lakini kapicha ka simu kamefika mkononi mwa mama wa sokoni kwa sababu watu kama huyo walitazama pale vidole viliposita.

Mwishoni mwa miaka ya 1970 alikuja PARC mgeni toka Norway, Trygve Reenskaug. Yeye alitenganisha mambo matatu: kitu chenyewe, namna kinavyoonekana, na namna mtu anavyokiongoza. Mfikirie mweka hazina wa kikundi chetu. Pesa zilizomo kwenye kisanduku ni kitu kimoja. Daftari linaloonyesha pesa hizo ni kitu cha pili. Mwenye ufunguo ni wa tatu. Unaweza kubadilisha daftari bila pesa kuguswa. Majina ya sehemu hizo tatu yalipatikana baada ya mazungumzo marefu, na Reenskaug mwenyewe aliandika kwamba aliyezungumza naye hasa ni Adele Goldberg. Majina hayo bado yanatumika na mafundi wa dunia nzima.

Mwezi wa 12, mwaka 1979

Kijana aliyeitwa Steve Jobs, wa kampuni changa ya Apple, alitaka kuona kilichomo PARC. Wakubwa wa Xerox walikuwa wamepatana naye: Xerox wanunue hisa 100,000 za Apple kwa dola milioni 1, naye afunguliwe mlango. Wakubwa hao walikuwa mbali, upande mwingine wa nchi, na wengi wao hawakujua vizuri ni nini kilichokuwa ndani ya nyumba yao wenyewe.

Mama Adele alijua. Alipoambiwa awaonyeshe wageni Smalltalk, madirisha, menyu, yote, alikataa. Aliwaeleza kwamba wageni hawa ni watengenezaji wa kompyuta, si watalii, na kwamba wakiona watatoka na kila kitu kichwani. Mabishano yakawa makali. Mwishowe alisema hataonyesha mpaka aamriwe, ili ijulikane kwamba uamuzi ni wao na si wake. Wakaamuru. Akatii, kwa sababu alikuwa mwajiriwa.

Wageni waliketi, wakaona, na Jobs alishindwa kutulia kwenye kiti. Mwaka 1983 Apple ilitoa kompyuta yake ya madirisha na tupicha, Lisa, na mwaka 1984 ikatoa Macintosh, ambayo ilisambaa. Miaka mingi baadaye Jobs alikiri kwenye televisheni kwamba Xerox ingeweza kuitawala biashara yote ya kompyuta, lakini haikujua ilichokuwa nacho. Alikiri pia kwamba siku ile alionyeshwa mambo matatu makubwa, na la kwanza, yaani picha za kwenye kioo, lilimpofusha macho hata hakuyaona mengine mawili.

Wengine wanasimulia habari hii kama wizi. Sisi hatusemi hivyo. Xerox ilipata hisa zake, na watu wa Apple walitoa jasho lao kurahisisha walichokiona na kukishusha bei. Kompyuta ya ofisi ambayo Xerox ilitoa mwaka 1981 iliuzwa zaidi ya dola 16,000, na hakuna mzazi ambaye angeinunulia familia. Lakini tusimpite mwanamke aliyesimama mlangoni. Yeye peke yake katika chumba kile ndiye aliyeipima bei ya kazi iliyofanywa humo, akasema wazi, na hawakumsikiliza. Ni wangapi kati yetu waliosema kwenye kikao cha ukoo kwamba shamba lile lisiuzwe, wakaambiwa wakae chini? Mama Adele angalau aliwalazimisha waliouza waweke amri yao mbele ya watu.

Alivyoigawa mwenyewe

Mtu angefikiri kwamba baada ya hapo alifungia kila kitu. Alifanya kinyume. Alisimamia kazi ya kuitoa Smalltalk nje kwa utaratibu: ikapelekwa kwa makampuni manne ya kompyuta ili yaijaribu na kuonyesha makosa, na Apple ilikuwa mojawapo. Mwezi wa 8 mwaka 1981 gazeti la Byte, lililosomwa sana na wapenzi wa kompyuta, lilitoa toleo zima juu ya Smalltalk, na makala ya kuitambulisha aliiandika yeye. Mwaka 1983 yeye na David Robson walitoa kitabu kilichoeleza lugha nzima na jinsi ya kuijenga. Mwaka 1984 akatoa kingine peke yake, juu ya namna mtu anavyofanya kazi na madirisha na menyu zake.

Anayeona upinzani kati ya kukataa mwaka 1979 na kuchapisha mwaka 1981 hajawahi kupika kwa ajili ya wageni. Kumwekea mgeni sahani ni kitu kimoja. Mgeni kuingia jikoni kwa sababu mwenye nyumba amemwambia aingie, bila kumwuliza anayepika, ni kitu kingine.

Mambo mengine tuyapitie haraka. Toka 1984 hadi 1986 alikuwa rais wa ACM, chama kikubwa cha wanasayansi wa kompyuta. Mwaka 1987 chama hicho kilimpa tuzo ya mifumo ya programu pamoja na Kay na Ingalls, majina matatu sawasawa. Mwaka 1988 alitoka Xerox, akashiriki kuanzisha kampuni ya ParcPlace iliyouza zana za Smalltalk kwa mabenki na viwanda, akaiongoza. Safari hii mwenye ufunguo wa mlango alikuwa yeye.

Kwa msichana wa darasa la nane

Turudi kwenye opsio. Katika mazungumzo yetu tunasikia mara kwa mara kwamba mat-fizik ni ya wavulana, na msichana afadhali aende ushonaji au biashara. Hatudharau ushonaji, nusu ya wanachama wetu wanalisha nyumba kwa cherehani, na kukata libaya kwa vipimo ni hesabu tosha. Tunachosema ni kwamba opsio isichaguliwe kwa kutazama kama mtoto ni wa kike. Itazamwe daftari yake. Kama hesabu zake zinakwenda, na anapenda kubishana na jibu hadi aelewe limetoka wapi, basi kumfungia mlango huo akiwa na miaka 14 ni hasara ambayo ataigundua akiwa na miaka 20, anapotaka kuingia chuo kikuu kusoma kompyuta na kuambiwa hana msingi.

Mtu atauliza: kompyuta yenyewe iko wapi? Umeme wenyewe uko wapi? Ni kweli, na hatutaki kusema uongo. Lakini kuna programu moja ya watoto, inaitwa Scratch, iliyotolewa na chuo cha MIT mwaka 2007. Ni ya bure. Ikiisha kuwekwa kwenye kompyuta moja ya masomo au ya parokia, inafanya kazi bila intaneti. Mtoto anaunganisha vipande vya rangi kama matofali, na paka aliye kwenye kioo anatembea, anageuka, anasema. Toleo lake la kwanza lilitungwa kwa lugha iliyozaliwa na Smalltalk. Paka yule ni mjukuu wa Joe. Na katika orodha ya lugha zake Kiswahili kimo, kwa hiyo mtoto asiyejua Kifaransa vizuri asiogope.

Hata bila mashine unaweza kuanza leo jioni, wakati bugali inangoja moto. Chora miraba sakafuni kwa chaki, mitano kwa mitano. Weka kikombe katika mraba mmoja. Mtoto mmoja asimame kwenye kona, yeye ni Joe, na Joe hajui chochote isipokuwa amri tatu: songa hatua moja, geuka kulia, okota. Mwingine aandike kwenye karatasi amri zote za kumfikisha Joe kwenye kikombe, amalize kuziandika, ndipo Joe azifuate moja moja bila kumwonea huruma. Mara ya kwanza Joe atagonga ukuta. Aliyeandika atafute mwenyewe ni mstari gani uliomgongesha, aufute, ajaribu tena. Wakizoea, ongezeni Jill na kikombe cha pili. Halafu mwachieni yule mdogo, ambaye hajajua kuandika, achore alama zake mwenyewe badala ya maneno, na mama awe Joe.